Mtoto tunaemlea alilia skukuu nzima, mwaka huu tufanyeje?

SWALI: Asalam alaykum dada. Mimi niko Fuoni, nina mume na watoto wawili, mkubwa wa kike ana miaka 11 na mdogo wa kiume ana 6. Mwaka jana tulipokea mtoto wa kike wa miaka 9 kupitia Ustawi wa Jamii, si wa damu yetu, kwao Micheweni, baba yake kafariki na mama yake anaumwa hawezi kumtunza, yuko Pemba kwa dada yake. Idi ndogo ilimkuta kwetu ana miezi minne. Nilimshonea gauni sare na binti yangu, asubuhi ya Idi hakulitaka kabisa, kavaa gauni lake kukuu alilokuja nalo. Tukawapeleka Mnazi Mmoja kwenye mabembea akalia mpaka tukarudi. Walipokuja wageni kajifungia chumbani, na baada ya wiki nikakuta visheti chini ya godoro vimejaa sisimizi. Mama mkwe anasema mtoto hana shukurani, mimi ndo nimemdekeza. Ramadhani hiyo inakuja tena na roho yangu iko juu. Tuache sare? Tupunguze skukuu? Watu wakiuliza huyu wa nani nijibu nini? Na Idi hii nimkutanishe na mama yake au nisimkutanishe?

JIBU: Waalaykum salam warahmatullah dada yangu. Haya unayouliza nimeyasikia sana kwenye kazi hii ya ustawi, na wengi wanakuja nayo wakati huu huu watu wanapojitayarisha kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, kwa hiyo usijione uko peke yako na wala usijione umeshindwa. Ntakujibu yote ila si kwa mpango uliouliza, naanza na la mama mkwe kwa sababu hilo ndo linaloharibu mengine.

Mtoto huyo ana shukurani kama mtoto mwengine yoyote, tena miaka 9 si umri wa kudaiwa shukurani na mtu. Hebu mtizame alivokuwa siku ile. Siku za kawaida zina shughuli zake, asubuhi skuli, jioni chuoni kusoma Kurani, usiku kachoka kalala, hana nafasi ya kuwaza sana. Inakuja Idi, skuli kumefungwa, chuo kimefungwa, na nyumba nzima mazungumzo ni jamaa tu, tunaenda kwa bibi, ami anakuja na watoto, shangazi kaleta nini. Kila anaetajwa ni wa kwenu, wake hatajwi hata mmoja. Baba yake kafa, mama yake yuko ng'ambo ya bahari hajui leo kaamkaje, na yeye kapewa gauni jipya anaambiwa afurahi. Watoto wengi wanaolelewa wana jambo hili ambalo hawalisemi maana hawana maneno yake, wanahisi wakifurahi sana kwa mama wa pili basi wanamkosea mama wa kwanza. Hakuna aliewafundisha, wanalihisi wenyewe. Na lile gauni kukuu pengine ndo kitu cha mwisho mama yake alichomnunulia, sasa unadhani asubuhi ya Idi atavaa lipi?

Mwambieni mama mkwe hivo hivo, kwa adabu, na bora aseme mume wako kwa sababu ni mama yake, tena kabla Ramadhani haijaingia asije akalisikia mbele za watu akaona kaaibishwa. Na mumkumbushe jambo analolijua kuliko sisi, kwamba Mtume wetu (SAW) mwenyewe alikuwa yatima, baba kafa yeye hajazaliwa, mama kafa yeye ana miaka sita, akalelewa na babu yake kisha ami yake, na kwenye Suratu Dhuha akaambiwa yatima usimuonee. Kumwambia mtoto mbele ya wageni kwamba hana shukurani, huko ni kumuonea. Mabibi wengi ninaowajua wakielezwa hivi wanalainika, tena wao ndo wanakuwa wa mwanzo kumtetea mtoto.

Sasa shika hili kuliko yote ntakayosema. Mtoto hajaja kwenu mtupu, kaja na Idi yake. Miaka yote alioishi kabla yenu alikuwa na skukuu zake, pengine za umasikini lakini zake, kuna kilichokuwa kikipikwa asubuhi, kuna mtu aliekuwa akimsuka na kumpaka piko, kuna nyumba waliyokuwa wakianzia kutoa salamu, kuna jirani ambae kila mwaka lazima ampe mkono wa Idi hata kama ni mia mbili. Mwaka jana nyinyi mlimpa Idi yenu nzima nzima, kwa moyo mweupe wallahi nakuamini, lakini yake haikuwemo hata chembe. Mwaka huu itafuteni muingize ndani ya nyumba.

Kuitafuta kwenyewe kuna namna. Ukimkalisha kitako ukamuhoji atakwambia sijui, basi. Muulize mikono ikiwa kazini, mnapeta mchele, mnabonyeza visheti nyuma ya uma, unasema kama unajisemea mwenyewe hivi mama alikuwa akikupikieni nini asubuhi ya Idi, halafu unanyamaza. Akijibu usishangilie wala usianze kusikitika, uliza moja tu la pili, alikuwa akitia iliki nyingi au kidogo? Akisema sijui unasema haya na mnaendelea na visheti vyenu, lishaingia, litatoka siku yake. Kuna mtoto mmoja alikaa kimya muda mrefu tu, siku ya siku anapeta mchele akasema kwetu mkate wa kumimina haukatwi na kisu, mama anaumega kwa mkono na kipande cha pembeni kilichoungua kidogo cha kwangu. Yule mama mlezi alikuwa na akili sana, hakusema neno. Asubuhi ya Idi katoa mkate wake, kisu kipo mezani hakukigusa, kaumega, kile kipande cha pembeni kakiweka kwenye sahani ya mtoto na kuendelea kumimina chai. Mtoto kakitizama kwanza, kala, kisha akaomba chengine. Hiyo ndo ilikuwa Idi yake ya mwanzo bila kilio kwenye ile nyumba, na hakikutumika hata shilingi.

Wewe una bahati dada wa mama yake yupo, huyo kwake ni mama mdogo au mama mkubwa, anajua yote. Mpigie simu, afisa wenu wa ustawi akijua, muulize mambo madogo madogo: nyumbani wanamwita jina gani, nani alikuwa akimsuka, wakienda kiwanja gani skukuu, kaburi la baba yake liko wapi na walikuwa wakienda kuzuru siku gani. Hilo la kaburi usiliruke. Kama kwao ilikuwa baada ya swala ya Idi wanakwenda kumuombea dua marehemu, na sasa yuko Unguja na kaburi liko Micheweni, basi hapo hapo nyumbani mume wako anaweza kukaa na watoto wote watatu wakamsomea fatiha baba yake kwa kumtaja jina, dakika tano, kisha ndo wakala. Mtoto akisikia jina la baba yake linatajwa kwenye nyumba mnamolala nae, Idi hiyo inakuwa na yeye.

Na skukuu ya mtoto si lazima iwe Idi. Kuna familia moja ya mjini ilikuwa ikilea kijana kutoka Makunduchi, Idi zote mbili yuko sawa tu anacheka anakula, lakini ikifika Julai anakuwa mkali, anapigana, chuoni haendi. Wamehangaika nae, wamempeleka kuombewa, mpaka mtu mmoja akauliza kwani Julai kuna nini, na jawabu kila mtu wa Unguja analo: Mwaka Kogwa. Siku ambayo wanaume wa pande mbili wanapigana kwa mashina ya migomba wakatoana vinyongo vya mwaka mzima, kibanda kinachomwa moto, kina mama wanaimba, na kila nyumba imepika inangojea mgeni. Yeye alikuwa akipelekwa na babu yake tangu mdogo. Wakampeleka, asubuhi wakaenda usiku wakarudi, na ile hasira ya Julai ikapungua sana. Kwa hiyo muulize na huyo dada wa mama yake kama kuna siku nyengine, maulidi ya kijiji chao ya mfunguo sita, mchezo wa ng'ombe, au hata tarehe aliofariki baba yake. Ziandike kwenye kalenda ukutani, mtoto azione zimo pamoja na za kwenu.

Haya si maoni yangu tu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, kifungu chake cha 20 kinaitaja kafala ya Kiislamu, yaani kumlea mtoto wa mwenzio bila kumfanya wa damu yako, kwa jina lake, na kinasema mtoto anaelelewa nje ya kwao iangaliwe dini yake, lugha yake na mila za alikotoka zisikatike. Ndo maana angekuwa mtoto wa Kikristo kwenye nyumba ya Kiislamu, Krismasi yake na kanisa lake vingekuwa haki yake. Na kwenye lugha hapo hata Kipemba chake kimo. Binamu za watoto wako wakija skukuu wakaanza kumuigiza anavosema, simamisha pale pale, usicheke nao hata kidogo, maana mtoto akishaona ulimi wake unachekwa na wewe umo, hatofungua mdomo tena mbele ya mgeni, na nadhani mwaka jana hilo nalo lilimfungia chumbani.

Jambo jengine watu hawalifikirii kabisa ni mwezi. Sisi tushazoea, usiku wa 29 tunakaa tunasikiliza redio, saa tatu saa nne inatangazwa umeandama, na hapo hapo nyumba inageuka, mmoja anapiga pasi, mwengine anakimbilia Darajani kutafuta viatu, simu zinalia, masufuria yanashuka, watoto hawalali. Kwa watoto wako hiyo ndo raha yenyewe. Sasa mtoto ambae siku moja aliambiwa haya fungasha unaondoka, na hakulala tena kwao, huyo mambo ya ghafla usiku yanamtisha, mwili wake unajua tu kwamba watu wazima wakianza kukimbia usiku basi kuna kitu kinakuja. Mwambie mapema. Siku mbili kabla mkalishe na wenzake mwambie kwa utulivu, mwezi ukionekana usiku huu kutakuwa na pirika pirika, wewe utalala hapa hapa kitandani kwako, asubuhi tutaamka, utaoga, tutakunywa chai, kisha tutaenda kuswali, na usipoonekana tunafunga tena siku moja na mambo yote yanasogea siku moja. Mpe na kazi yake ya usiku ule, hata kama ni kupanga vikombe, mtoto mwenye kazi anajua pa kusimama.

Na zaka ya fitri mnapoipima, ipimeni mbele yake. Watoto hawa wanahesabu. Anaona mchele unapimwa wa baba, wa mama, wa dada, wa kaka, na anangoja aone kama kuna wa kwake. Nani hasa wajibu wake kumtolea, hilo muulizeni sheikhe wenu, lakini muulizeni mapema ili usiku ule mtoto asisimame mlangoni anatizama mafungu manne.

Sasa visheti chini ya godoro. Usimwite mwizi wala mchoyo na usimcheke. Mtoto alieishi na mama mgonjwa kuna siku alikula na kuna siku hakula, na tumbo lililowahi kulala na njaa linaweka akiba hata likishiba, hili liko kwa watoto wanaolelewa dunia nzima si wako tu. Na hebu fikiria Ramadhani inavokuwa machoni pake, mchana jiko baridi, mikahawa imefungwa, chakula hakitajwi, kisha magharibi meza inajaa mihogo ya nazi na majimbi na kaimati na sambusa, kila kitu kwa pamoja, kisha kesho tena hakuna. Kwa mtoto kama huyu huo ndo mfano halisi wa kile anachokiogopa. Kwanza usimlazimishe kufunga, hajabaleghe, kama anataka kujaribu nusu siku na wenzake sawa lakini asishindanishwe na binti yako. Pili mpe kopo lake mwenyewe lenye mfuniko, liwekwe mahali anapopafikia bila kuomba, na kila siku hakikisha mna kitu ndani, visheti, tende, biskuti. Usilifungue kukagua. Anaweza kulijaza mpaka juu mwezi mzima, mwache. Wengi wao baada ya muda wanaanza kulisahau, wakishaamini kwamba jiko la nyumba hii halizimiki. Na daku ikipita na ngoma zake na kelele za waamshaji mwambie kabla ni nini, Micheweni huenda walikuwa wakiamshwa kwa namna nyengine.

Kwenye sare, usiache lakini usimvishe. Mpeleke dukani pamoja na binti yako wachague kitambaa wenyewe, na yeye achague kama anataka mshono mmoja na dada yake, au kitambaa kimoja mishono tofauti, au mtandio tu ndo ufanane, au hataki kabisa mwaka huu. Lolote atakalochagua ndo hilo hilo, usinune, na mama mkwe asinune. Lile gauni kukuu lifue, lipige pasi, litundike pamoja na jipya, asubuhi ya Idi avae analotaka, kuna watoto wanavaa la zamani asubuhi na jipya jioni na mambo yanakwisha salama. Kama limeshambana mwaka huu muulize angependa fundi afanye nini, pengine kipande chake kitiwe kwenye mfuko wa gauni jipya, pengine liwekwe tu kwenye begi. Lakini mkasi usiguse gauni lile bila ruhusa ya mdomo wake.

Umeuliza mpunguze skukuu, hapana. Wako wawili nao wana haki ya Idi yao, ukiwanyang'anya kwa ajili ya mwenzao utakuwa umempandia chuki ndani ya nyumba na yeye atajua kwamba ni yeye. Kinachopungua ni vile vya kumzidi nguvu. Zanzibar skukuu ni siku nne, mna nafasi kubwa, kwa nini Idi mosi ile ile mtu aswali, atembee nyumba sita, apokee wageni na usiku aende Mnazi Mmoja kwenye msongamano na miziki na vichezeo vya plastiki vinavopiga kelele? Idi mosi kaeni karibu na nyumbani. Kiwanjani nendeni Idi pili au Idi tatu, mapema alasiri kabla watu hawajajaa, na kabla hamjatoka mpeane neno, akikushika mkono akakubonyeza mara mbili maana yake nataka kutoka, basi wewe unatoka nae mnakwenda kununua askrimu pembeni, baba anabaki na wale wawili. Asibebeshwe lawama ya kuwakatizia wenzake. Na binti yako mkubwa umtafutie saa moja yenu wawili peke yenu ndani ya siku hizo, kupakana piko au chochote, maana ana miaka 11, anaona nyumba nzima inamzunguka mgeni, na halisemi hilo kwa sababu ni mtoto mwema.

Mkono wa Idi sasa, hapa ndo panapoumiza kuliko watu wanavodhani. Ami anakuja, anatoa noti ya elfu mbili kwa binti yako, elfu mbili kwa mwanao, anafika kwa huyu anapapasa mfuko anatoa mia tano. Hakukusudia ubaya, kwake huyu ni mtoto wa watu. Lakini mtoto kaona, na watoto wako wameona, na hapo kwa sekunde moja kila mtu nyumbani kaambiwa nani ni nani. Usingoje litokee. Wiki kabla ya skukuu andika kwenye grupu la familia la WhatsApp, au mume wako aandike, kitu kama hichi: "Asalam alaykum jamaa, Idi hii tuna watoto watatu nyumbani. Anaetaka kuwapa mkono wa Idi tunaomba wapate sawa sawa, hata kama ni mia mia, na asieweza asione tabu, dua inatosha." Fupi, bila kueleza habari za mtoto. Na bado mume wako aweke noti mfukoni, akiona mtu kapunguza anaongeza yeye kimya kimya kabla mtoto hajaondoka. Pesa hizo zikishapatikana ni zake, asiambiwe changia, asiambiwe nikuwekee kama hakutaka, na akizificha mwache azifiche.

Huyu wa nani? Jibu ni "huyu mtoto wetu, anaitwa fulani", unataja jina lake, unasogeza sahani ya halua, unaendelea na mazungumzo. Mwenye kuchimba, maana wapo, mama yake yuko wapi, baba yake kafa kwa nini, mmempata wapi, huyo unamwambia hayo yake mwenyewe shoga, kula halua. Habari ya ugonjwa wa mama yake ni siri yake, si mazungumzo ya baraza. Na yeye mwenyewe mfundishe la kujibu akiulizwa na watoto wenzake, "nakaa hapa, mama yangu yuko Pemba", ni kweli na linatosha. Picha zake pia usiweke kwenye stetasi na maneno ya "mtoto wetu yatima", najua unatafutia dua, lakini picha ikishatoka haina mwenyewe.

Jina lake libaki la baba yake. Wewe najua unajua lakini kuna watu kwa mapenzi tu wanampachika mtoto ubini wa mlezi, na Suratul Ahzab imesema waiteni kwa baba zao, ndo ikawa Zayd aliekuwa akiitwa bin Muhammad akarudi kuwa Zayd bin Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata kidogo. Kafala yetu ndivo ilivo, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua, malezi kamili bila kumfuta mtoto alikotoka. Kwenye hadithi mwenye kumlea yatima ameahidiwa kuwa karibu na Mtume peponi mfano wa vidole viwili hivi. Akitaka akuite mama, akitaka akuite shangazi, usimchagulie.

Kabla sijafika kwa mama yake, hili nalisema kwa ukali kidogo na unisamehe. Skukuu nyumba zetu zinajaa, wageni wanatoka shamba wanalala, watoto wanarundikwa chini kwenye mikeka na kila mkubwa alieko. Usifanye hivo. Kitanda chake kibaki chake, alale na binti yako mlango wenu mnausikia, na ujue kila mgeni mwanamme kalala wapi. Asilazimishwe kukumbatia mtu wala kupakatwa na mtu kwa jina la kusalimia, akitoa mkono akasema shikamoo adabu kaitimiza. Akikwambia fulani simtaki, usimuulize kwa nini mara tatu, muondoe kwanza. Sheria hii iwe kwa watoto wote watatu.

Haya, mama yake. Wakutane, kama Ustawi wamekubali na hali ya mama inaruhusu, maana mtoto alie na mama hai na hamuoni skukuu anajitungia sababu mwenyewe, na anazojitungia ni mbaya kuliko ukweli. Lakini si Idi mosi, na asiahidiwe. Nimeona mtoto kaambiwa mama anakuja Idi mosi, kaoga alfajiri, kavaa, kakaa barazani miguu imening'inia, viatu vipya hataki hata kukanyagia mchanga visichafuke. Kila gari ikipita anasimama. Adhuhuri wamemwita kula kasema nangojea nile na mama. Mpaka magharibi. Mama alizidiwa na maradhi hakuweza kupanda boti, na simu haikupatikana, hakuna mwenye kosa pale, lakini yule mtoto Idi mbili zilizofuata hakutaka kuvaa viatu vipya. Kwa hiyo pangeni na dada wa mama yake na afisa, chagueni Idi tatu au wikiendi ya baada ya skukuu, boti nazo zinakuwa na nafasi, na mtoto mwambieni pale mama keshapanda boti keshawapigia simu. Kama ni nyinyi mnaokwenda Pemba ni bora zaidi, atapita na kaburini kwa baba yake.

Asubuhi ya Idi yenyewe apige simu. Mpe simu aende nayo nje, usisimame kichwani pake. Na mpe kitu cha kumpelekea mama, visheti alivobonyeza mwenyewe kwenye kopo, mtoto anaepewa tu kila siku anahitaji na yeye kuwa mtoaji. Siku watakayoonana msalimie mama yake kwa heshima yake yote mbele ya mtoto, mkaribishe kama mgeni mkubwa wa skukuu, huo mzigo wa kuchagua kati yenu wawili utamtoka mabegani akiona nyinyi mnazungumza na kucheka.

Na akirudi atakuwa mbaya. Atakojoa kitandani, atajibu vibaya, atasema wewe si mama yangu, pengine wiki nzima. Watu wengi hapa ndo wanasema basi hatumpeleki tena, kumuona mama kunamuharibu. Sivo, ni kilio kinachotoka kwa mlango mwengine, na kwako anakitoa kwa sababu kwako anaona pana usalama. Shuka zibadilishwe bila maneno, alale mapema, wageni wapungue, arudi skuli na chuoni kwa saa zake zile zile, chakula kwa saa zake. Ukiona zaidi ya hapo, hali chakula kabisa, halali usingizi, anajiumiza, au anataja jina la mtu kwa hofu, usingoje, nenda kwa afisa wa ustawi wa wilaya yenu au piga 116, ni simu ya msaada kwa mtoto na haina malipo.